Kati ya Ramli na Ushahidi

Riwaya ya upelelezi huanza na swali moja: nani kafanya? Ikitiwa chembe ya uchawi, maswali yanakuwa mawili, maana msomaji hajui tena kama anayetafutwa ni mtu au ni kitu kingine. Maiti imekutwa, mlango umefungwa kwa ndani, na usiku kucha hakuna aliyesikia kelele. Askari anainama kutazama nyayo. Mzee wa mtaa anatazama upande wa makaburi. Kila mmoja ana maelezo yake, na kwa wakati huo maelezo yote mawili yanatosha. Utamu wa riwaya za aina hii umo katika kurasa hizo, pale msomaji anaposimama njia panda na mwandishi hajamruhusu bado kuchagua.

Uingereza waliwahi kujaribu kuifunga njia ya pili. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, aliweka kanuni 10 za utunzi huo, na mojawapo ilizitupa nje nguvu zote zisizo za kimaumbile. Padri anapokataza miujiza, shabaha yake haiwezi kuwa kuipinga imani. Knox alikuwa akilinda haki ya msomaji. Ikiwa muuaji anaweza kuwa jini apitaye ukutani, basi nyayo, saa iliyosimama na barua iliyochanwa hazina maana, na msomaji aliyezifuatilia kwa kurasa 200 amedhulumiwa. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, kumkataza jini asiwe jibu si kumkataza asishukiwe. Arthur Conan Doyle alikwishalionyesha hilo mwaka 1902 katika The Hound of the Baskervilles, ambamo laana ya ukoo na jibwa la kuzimu vinatawala karibu kitabu kizima kabla Sherlock Holmes hajavishusha ardhini. Mwandishi huyo huyo, mwaka 1922, alichapisha kitabu kizima kutetea picha za vijitu vyenye mabawa zilizopigwa na wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley. Aliyemuumba mpelelezi mgumu kuliko wote hakuwa mgumu hata kidogo.

Katika Kiswahili mambo yalianzia hapo hapo kwenye mpaka wa mzimu na polisi. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, na hadithi yake ikachapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Ndiyo iliyomleta Bwana Msa, mvuta kiko asiye na haraka, pamoja na Najum, mwenzake anayeuliza yale ambayo msomaji angependa kuuliza. Maiti ya tajiri Bwana Ali inakutwa penye mzimu, na mahali penyewe pamekwishatoa hukumu kabla ya mpelelezi kufika. Mwaka 1968 ikafuata Kisima cha Giningi, na jina hilo tu lilitosha kumsisimua msomaji wa Unguja, kwa kuwa Giningi katika masimulizi ya visiwani ni makutano ya wachawi.

Ufundi wa Abdulla ulikuwa kutambua kazi halisi ya mahali panapoogopwa. Mzimu ni pahala ambapo watu hupeleka ubani na sadaka kisha huondoka bila kugeuka nyuma. Hakuna anayekaa kuchungulia, hakuna anayefukua, hakuna anayeuliza mara mbili. Basi kwa mwenye nia mbaya hakuna mahali salama zaidi. Imani ya jamii nzima inamfanyia ulinzi bila malipo. Mpelelezi anayefaa katika hadithi ya namna hii hana haja ya kubishana kama mzimu upo au haupo. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anarithi nini, na nani alikuwa wa kwanza kusema kwamba mzimu umekasirika. Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Msomaji wa Kiswahili hakuhitaji kufundishwa kuyapokea haya. Katika kisa cha Nunda mla watu, ambacho Edward Steere alikichapa mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa ngano za Unguja, kijana wa sultani anatoka kumsaka mnyama aliyewala watu, na kila mnyama anayemuua anamleta kwa mama yake, akaambiwa bado, huyu siye. Huo ni upelelezi wa kuondoa mshukiwa mmoja mmoja. Usukumani watoto walilelewa na kisa cha Shing'weng'we, dubwana lililomeza watu wote na kumwacha mwanamke mjamzito, ambaye mwanawe Masala Kulangwa alikuja kulitafuta, kuliua na kuwatoa waliomezwa. Mhalifu ni wa ajabu, lakini anayo njia, anayo maficho, na akili ya mtoto inaweza kumfikia.

Kwa nini basi mchanganyiko huu unashika kuliko upelelezi mtupu? Jibu zuri kuliko mengi lilitolewa na mtu ambaye hakuwa akizungumzia riwaya. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa Sudan ya kusini na mpakani mwa Kongo, alieleza juu ya ghala la nafaka linaloanguka na kuwaumiza waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo, na walijua kwamba watu walikaa pale kukwepa jua. Walichouliza ni kwa nini ghala lilianguka saa ile ile walipokuwa chini yake watu wale wale. Mchwa hawajibu swali hilo. Uchawi unalijibu.

Riwaya ya upelelezi ya kawaida inajibu vizuri sana nani na vipi, na mara nyingi inajibu kwa faida gani. Ikifika kwenye kwa nini yeye na kwa nini leo, inanyamaza au inasema bahati mbaya, na hapo ndipo mfiwa anapofunga kitabu hajaridhika. Chembe ya uchawi inaliweka swali hilo mezani. Haitakiwi kulijibu. Inatosha kwamba limeulizwa na mtu mwenye uchungu, mbele ya inspekta mwenye daftari, na kwamba daftari halina ukurasa wa kuliandika.

Ukanda wa dhahabu wa kusini mwa Ziwa Victoria, kutoka Geita hadi Kahama, umeishi na maswali hayo mawili kwa namna ambayo mtunzi hawezi kuibuni akiwa amekaa mezani Dar es Salaam. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi, katika kata ya Mwendakulima, jirani kabisa na mji wa Kahama, mwaka 2009. Pembeni mwao, na kabla yao, wapo wachimbaji wadogo na maduara yao, yaani mashimo yao ya kuchimbia. Watu wawili wanachimba maduara yaliyoachana hatua chache, kwa sururu zile zile na jasho lile lile. Mmoja anapanda juu na viroba vya mawe yanayong'aa, mwingine anatoa udongo mwaka mzima. Mjiolojia ataeleza kwamba dhahabu hukaa katika mishipa ya mwamba, na mshipa hupinda, husinyaa na hukatika bila taarifa. Ni kweli tupu. Lakini aliyekosa hakuuliza kuhusu mshipa. Aliuliza kwa nini jirani, kwa nini si yeye.

Hapo ndipo linapoingia neno ndagu, utajiri unaodaiwa kununuliwa kwa kafara na kulindwa kwa masharti. Hakuna anayetajirika haraka katika ukanda huu asiyenong'onwa. Mganga, mfumu kwa Kisukuma, anaendewa kabla ya duara kufunguliwa, linapokauka, na linapoua. Wapo wanaopasua kuku na kusoma matumbo yake, na atakayeitazama kazi hiyo bila kebehi ataona ina umbo kamili la upelelezi: yupo mlalamikaji, upo uchunguzi, zipo dalili, na mwishoni yupo anayetajwa. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Anayetajwa hayupo chumbani. Hakuna anayemhoji, hakuna anayempa nafasi ya kusema usiku ule alilala kwa shemeji yake Nzega, na mara nyingi jina analolisikia mteja ni lile alilokuja nalo moyoni. Isitoshe, dawa haikosei kamwe: ikishindwa, masharti yalivunjwa. Mpelelezi wa riwayani hana pa kukimbilia hivyo. Akikosea, ukurasa unaofuata unamuumbua.

Kwa hiyo riwaya ya aina hii, ikitazamwa kutoka Kahama, ni mashindano ya pelelezi mbili juu ya maiti moja. Si mchezo mtupu. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake, vikongwe wengi wameuawa kwa kuitwa wachawi, na dalili iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa macho mekundu, ambayo mwanamke aliyepikia kuni na samadi maisha yake yote hawezi kuyakosa. Huo ulikuwa ushahidi uliosomwa vibaya hadi kuua. Sungusungu, majeshi ya jadi yaliyozuka Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, yalisifiwa kwa kurudisha mifugo, lakini baadhi yake yaligeukia pia wanawake walioitwa wachawi. Kutoka mwaka 2007 yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyohusishwa na waganga waliouza viungo kwa ahadi ya dhahabu na samaki. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino wilayani Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini.

Kesi ile inafaa kutazamwa na kila anayetaka kuandika riwaya yenye uchawi. Mahakama haikulazimika kuamua kama kiungo cha binadamu huleta dhahabu. Iliamua nani alikuwa pale na nani alikata. Hata Sheria ya Uchawi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1928 wakati wa Waingereza, inapoeleza uchawi ni nini inataja watu wanaojidai kuwa na nguvu au maarifa ya siri, bila kukubali kwamba wanazo. Uchawi kama silaha hauthibitishiki mbele ya hakimu. Uchawi kama sababu ya kuua unathibitishika vizuri sana, kwa shahidi, kwa panga na kwa fedha iliyopokelewa.

Tofauti hiyo ndiyo inayogawa riwaya nzuri na mbaya za fani hii. Uchawi ukiwa silaha, yaani mtu akafa kweli kwa sababu ya tunguri na kitabu kikaishia hapo, upelelezi umekufa pamoja naye. Ukiwa pazia, kama kwa Abdulla, kitabu kinapata giza lake na mwanga wake. Ukiwa sababu, kitabu kinaweza kwenda mbali zaidi ya vyote viwili, kwa kuwa mhalifu anaamini anachokifanya, na mpelelezi anapaswa kufikiri kwa akili ambayo si yake. Mirathi ya Hatari ya C. G. M. Mung'ong'o, iliyotoka mwaka 1977, haina mpelelezi wa kuvuta kiko, lakini ilitambua mapema kwamba uchawi unaorithiwa kutoka kwa baba ni mzigo wa kusisimua kuliko bastola. Gabriel Ruhumbika naye, katika Janga Sugu la Wazawa ya mwaka 2001, aliupeleka ulozi kwenye historia na siasa. Upande wa pili, mkondo uliouza nakala nyingi mitaani, wa Elvis Musiba na Willy Gamba wake tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, kisha Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, ulichagua ndege, hoteli na majasusi. Zilikuwa riwaya za kasi, na kasi ina raha yake. Lakini zilimweka mwovu mbali, mara nyingi ng'ambo ya mpaka, wakati ramli humweka mwovu nyumba ya pili. Kwa maana hiyo ramli inamjua msomaji kuliko majasusi wote.

Tukirudi kwenye ukanda wa dhahabu, mgodi wa Buzwagi wenyewe umepitia mafumbo yasiyo na mzimu wowote. Mkataba wake ulitiwa saini London mwezi Februari 2007 na Nazir Karamagi, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini. Zitto Kabwe, mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, alipouliza bungeni kwa nini ukatiwe saini huko, alisimamishwa ubunge mwezi Agosti mwaka huo. Wananchi walishika swali la mahali: kwa nini London? Ni swali la kipelelezi kabisa. Miaka 10 baadaye ikawa zamu ya makinikia, mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha uliosafirishwa kutoka Buzwagi na Bulyanhulu kwenda kuyeyushwa nje. Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia usafirishaji huo, makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Mwezi Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasema yote kwa pamoja yana kadiri ya tani 7.8 za dhahabu, wakati hesabu zilizotolewa awali zilikuwa zaidi kidogo ya tani moja. Kampuni ya Acacia, iliyoendesha migodi hiyo, ilipinga. Kontena lile lile, mchanga ule ule, na tofauti ya karibu mara saba.

Fumbo hilo halikufumbuliwa kwa namna ambayo msomaji wa Bwana Msa angeridhika. Lilimalizwa mezani. Kampuni ya Barrick iliichukua Acacia mwaka 2019, ikakubali kuilipa serikali dola milioni 300, na ikaundwa kampuni ya Twiga ambayo serikali ina hisa asilimia 16. Kwa uchumi huenda yalikuwa mapatano mazuri. Kwa hadithi ni mwisho usiofaa, kwa sababu hakuna aliyesimama sebuleni, mbele ya wote waliohusika, akaeleza kontena moja baada ya jingine. Watu waliozoea kuona mambo makubwa yakiishia hivyo wana kila sababu ya kupenda kitabu ambacho kinaahidi kwamba kufikia ukurasa wa mwisho mtu mmoja atatajwa kwa jina, na kwa ushahidi.

Mtunzi anayetaka kuandika riwaya ya ukanda huu hana haja ya kuazima majumba ya Uingereza. Duara linaporomoka usiku na kumfukia mwenye duara. Maelezo ya kwanza ni matimba yaliyooza na mvua ya siku tatu. Ya pili ni ndagu: alikuwa amepewa masharti, ameyavunja, amechukuliwa. Ya tatu ni mshirika wake, ambaye mgawo wa viroba utamnufaisha. Mpelelezi anaweza kuwa inspekta kutoka Kahama mjini, lakini mama ntilie wa machimboni angemzidi. Yeye ndiye mwenye daftari la madeni. Anajua nani alikula usiku ule na nani hakutokea, na anajua nani alilipa deni lote asubuhi moja kabla ya mawe kwenda kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Mtu hulipa deni lote akiwa anajua kuna fedha inakuja, au akiwa anajiandaa kuondoka.

Na mganga? Waandishi wengi humfanya mshukiwa, wakadhani wamemaliza kazi. Mganga ni shahidi bora zaidi kuliko mshukiwa. Watu humpelekea hofu zao kabla ya kuzipeleka polisi, na wengi hawazipeleki polisi kabisa. Aliyenunua zindiko siku mbili kabla ya duara kuporomoka alikuwa akiogopa nini? Aliyekuja kuulizia dawa ya kufunga mdomo wa mtu alikuwa akimwogopa nani? Hirizi iliyokutwa shingoni mwa marehemu haimwambii mpelelezi kama ina nguvu, lakini inamwambia kwamba marehemu alijua ana adui, na pengine ilifungwa lini na kwa fedha ya nani. Hapo imani inageuka kuwa ushahidi bila mtu yeyote kulazimika kuikiri au kuikana.

Kipimo ndicho kigumu. Chembe ikizidi, msomaji anaacha kuhesabu dalili, maana lolote linawezekana. Ikikosekana kabisa, machimbo yanakuwa kama mahali popote penye shimo, na wachimbaji wanaongea kama makarani. Kanuni ya Knox ifuatwe katika jibu la nani kaua: awe mtu, mwenye jina, aliyeweza kukamatwa kwa akili ya kawaida. Lakini kitu kimoja kidogo kiachwe bila maelezo, mathalani ndoto ya mama wa marehemu iliyotangulia siku moja, na inspekta asiitolee maneno. Mtunzi wa riwaya za upelelezi John Dickson Carr alithubutu zaidi ya hapo mwaka 1937 katika The Burning Court, akatoa ufumbuzi wote wa kibinadamu kisha katika kurasa chache za mwisho akaupindua. Aliweza kwa sababu alikuwa amekwisha kulipa deni la ushahidi lote.

Uchakataji wa dhahabu Buzwagi ulikoma mwaka 2021, na eneo la mgodi likaanza kugeuzwa kuwa ukanda maalumu wa viwanda. Waliochimba, waliopika, waliolinda geti na waliosimama upande wa pili wa uzio bado wapo Kahama, Mwendakulima na Msalala. Mwandishi anayeitaka riwaya hii aende akawasikilize sasa, na akifika asianze na maswali ya uchawi. Aanze na nani alikuwa wapi.